Majani Yakishiba

Habari ya kifo chake niliipata kwa ujumbe wa simu, nikiwa napepeta maharage. Binti yake aliandika maneno machache: baba amepumzika, tunazika kesho. Nikamaliza kupepeta. Maharage yalikuwa mengi, na sikuwa na uhakika kama ule ni msiba wangu. Hadi leo sina uhakika. Lakini nimekaa siku hizi zote nikimfikiria, na mtu anayefikiriwa kiasi hiki nadhani aandikwe, awe alikuwa mwema au hakuwa.

Tulimwita Bwana Samaki. Ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya kabla ya kustaafu, kuwafundisha watu kufuga samaki, kama bwana shamba anavyowafundisha mahindi. Alipostaafu alichimba mabwawa manne bondeni kwetu, upande wa Mbulu, akaweka perege na kambale. Kwao ni wapi na alizaliwa na nani sitaandika. Sikumwuliza, na ningemwuliza angeniambia hainihusu. Nilimfanyia kazi miaka sita. Nilikuwa nakata majani ya majini.

Niseme mapema ninachokitafuta, asomaye asidhani nimekuja kumsifu marehemu. Mwanangu wa kike alikufa kwa kuhara baada ya kunywa maji ya kijito kinachopita chini ya mabwawa yale. Nilitaka kujua kitu kimoja tu. Siku ile Bwana Samaki alipofungua bomba, alijua?

Yeye mwenyewe hakula samaki. Watu walikuja kununua wakamkuta anakula ugali na mlenda, wakamtania, "Bwana Samaki, kitoweo kimekuishia?" Akawajibu, "Mimi najua wanakula nini." Wakacheka na kununua. Hakujali kama wamenunua au wameacha.

Mdomo wake ulikuwa mbaya. Kijana akimwamkia shikamoo, aliitika kama inavyopasa, kisha akamtazama kuanzia miguuni. "Marahaba. Viatu vimetoboka, simu mpya. Mama yako amekula leo?" Kijana huyo hakupita tena njia ile. Mimi aliniita Darasa la Saba, kwa kuwa ndipo nilipoishia. "Darasa la Saba, unakata majani au unamnyoa mtoto nywele?" Nikikata juu juu ananiambia hivyo. Nikikata chini sana ananiambia, "Umeua. Kwenu mnamchinja ng'ombe ili mumkamue?" Miaka miwili ya kwanza nililia mara nyingi, nikiwa nimeinama ili asione. Baadaye nilizoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachombana.

Kila alipopunguza samaki bwawani, wale waliodumaa aliwatupa ukingoni wakiwa hai. Watoto walikuja na vibakuli wakiomba wapewe. Hakuwapa. Aliwaacha samaki warukeruke kwenye majani mpaka watulie, watoto wakiwa wamesimama na vibakuli vyao, ndipo akaita bata. Nilimwambia siku moja, "Bwana Samaki, si ungewapa tu watoto?" Akasema, "Nikiwapa, kesho wataomba Mungu samaki wangu wadumae." Sijui mtu anaufikiriaje wema wa mtoto namna hiyo. Lakini nilipofika nyumbani nikaona maneno yake yana ukweli ndani, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Kwa majani alikuwa mtu mwingine. Niliyajua mapenzi ya mtu huyu kwa jinsi alivyopita kando ya mifereji yake asubuhi, mikono nyuma, akiongea kwa sauti ya chini kama anayeamsha mgonjwa.

Ilikuwa mifereji mitatu mirefu, mipana, ya kina cha goti, iliyofuatana. Maji machafu ya mabwawa yaliingia mfereji wa kwanza wenye matete, yakaenda polepole hadi wa pili wenye mafunjo, kisha wa tatu wenye majani yanayoelea, azola na yale madogo kuliko punje ya mtama ambayo bata huyapenda. Mwisho wa mfereji wa tatu maji yalitoka meupe na kuingia kijitoni. Mwanzoni sikuelewa. Akanieleza mara moja tu, kwa namna yake.

"Samaki anakula na kunya humo humo ndani ya nyumba. Wewe ungeishi?"

"Hapana."

"Basi. Yale mavi ni mbolea. Mahindi yako yanakula mavi ya ng'ombe, haya yanakula ya samaki. Majani hayana kinyaa. Ila yakishiba lazima yavunwe. Usipoyavuna yanaoza, yanatapika yote yaliyokula, tena kwa mara moja. Ndiyo maana wewe upo. Mimi sikukuajiri uwe unapendeza."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, kuvuna mara mbili kwa wiki. Matete na mafunjo nilikata kwa mundu kwa zamu, kipande hiki leo, kile wiki ijayo. Yanayoelea niliyakusanya kwa chekeche. Yaliyovunwa yalikwenda kwa nguruwe na bata, mengine kwenye shimo la mboji. Yeye alipima maji kwa sahani nyeupe ya bati aliyoitoboa na kuifunga kamba. Aliizamisha taratibu, na mahali ilipopotea machoni aliifunga kamba fundo. Siku maji yalipokuwa mazuri, kwenye mfereji wa mwisho sahani haikupotea, iligusa chini ikiwa bado inaonekana na ua lake jekundu katikati. Siku hizo aliondoka bila kunitukana.

Kuna mwalimu mmoja wa kike aliyemletea gugu maji kwenye ndoo, lina maua ya zambarau, akasema amesikia nalo linasafisha. Bwana Samaki aliipokea ndoo kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda kuyamwaga majani juani, yalipokauka akayachoma. Mwalimu alipokuja kuyatazama akamwonyesha majivu. "Hili likitoroka likafika mtoni, wajukuu zako watalikata mpaka wafe," alimwambia. Mwalimu alikuwa hajaolewa, na hakuwa na mtoto. Bwana Samaki alilijua hilo. Kila mtu alilijua.

Watu wa chini ya mabwawa walilalamika tangu mwanzo kwamba wanakunywa maji ya mavi ya samaki. Siku moja mwenyekiti wa kijiji alikuja na wazee wanne kukagua. Bwana Samaki hakubishana. Alichota glasi mwisho wa mfereji wa tatu, akanywa yote mbele yao, akachota nyingine akampa mwenyekiti. Mwenyekiti akaishika, akaitazama, akasema yeye ana vidonda vya tumbo.

"Basi umekuja kukagua nini?"

Wazee wakacheka, na malalamiko yakaisha mwaka ule. Wasichokijua ni kwamba usiku ule na siku mbili zilizofuata tumbo lilimwendesha, nami ndiye niliyempikia uji. Nyumbani kwake alikuwa hanywi maji yasiyochemshwa hata tone. Alinikataza nisiseme. "Maji meupe si maji safi, Darasa la Saba. Majani yanaondoa uchafu wa samaki. Vidudu vya tumbo ni jambo lingine." Nikamwuliza kwa nini hakuwaambia wale wazee wachemshe. Akasema nesi wa zahanati anawaambia kila wiki, hawamsikii, yeye ni nani.

Sikusema. Hilo ni langu, silitupi kwake.

Lazima niandike na lile la moto. Kwetu ni baridi, mwezi wa saba maji ya mfereji yanauma mpaka kwenye mfupa. Kila asubuhi ya baridi niliukuta moto umewashwa ukingoni na debe la maji ya moto juu yake. Nilipouliza mara ya kwanza ni ya nini alisema ni ya kuoshea mundu. Mundu hauoshwi kwa maji ya moto. Nilikuwa natoka mferejini, natia miguu ndani ya beseni, naye anageuka kutazama upande mwingine. Miaka sita hakukosa. Na mwaka nilipokuwa na mimba ya pili, ya miezi minane, alinitazama nikiingia kwenye maji yale yale akasema, "Mimba si ugonjwa." Moto ulikuwapo, na maneno hayo yalikuwapo. Sijui niyaweke wapi pamoja.

Mtoto yule alizaliwa amekufa. Nesi alisema ni kitovu kilijisokota, si baridi. Namwamini nesi.

Kwa wazee wetu, nyumba iliyofiwa na mtoto mchanga inatengwa. Wanaita metimani. Mama hatoki nje ya mpaka wa boma lake, haendi kisimani kwa watu, haombi moto kwa jirani, hagusi kitu cha mtu, hata mwaka mzima, ili msiba usiambukize nyumba nyingine. Makanisa yamelipunguza sana jambo hili, na vijana wengi hawalijui tena. Lakini mama mkwe wangu alishika Biblia mkono mmoja na metimani mkono wa pili, na mume wangu hakuwahi kumpinga mama yake. Siku uchungu uliponianza, mama mkwe alikuwa amemchukua binti yetu, aliyekuwa na miaka minne, akaenda naye nyumbani kwake chini ya bonde. Kwa hiyo mtoto hakuwa ndani wakati msiba ulipoingia. Alibaki huko, ili awe msafi. Nilimsikia siku nyingine akiimba chini kule, maana bonde letu linapandisha sauti.

Wiki ya tatu Bwana Samaki alikuja akasimama nje ya ua wetu wa miiba. Hakunipa pole.

"Majani yameshiba. Njoo ukate."

"Bwana Samaki, unajua siwezi kutoka."

"Huwezi nini? Mkono umekatika?"

"Nikiingia kwenye maji yale, watu wa chini hawatayanywa."

"Basi wasinywe. Itakuwa mara yao ya kwanza kuwa na akili."

"Tafuta mtu mwingine."

"Nimetafuta. Hakuna mwanamke atakayegusa mundu wako. Wanasema mikono yako ilikuwa mferejini juma lile lile. Hata nguruwe wangu hawataki kuwalisha." Alisogea mpaka miiba ikagusa koti lake. "Umefiwa na mmoja. Mnataka kuua wangapi kwa ajili yake?"

Mume wangu alitoka ndani akamfukuza. Aliondoka akitukana, na mimi nikaingia ndani nikafunga mlango. Nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Ukatili wa maneno yale ndio ulioniziba masikio nisisikie kwamba yalikuwa yananiambia jambo.

Baadaye nilisikia kwamba aliingia mferejini mwenyewe. Nyonga zake zilikuwa mbovu tangu zamani. Alikata nusu ya matete ya mfereji wa kwanza, akaanguka, akatolewa na wapita njia, akalala kitandani siku tisa. Majani yakaendelea. Kutoka kwangu juu nilianza kusikia harufu. Mtu mwingine angesema ni tope. Mimi nilikuwa nimekaa na harufu zile miaka sita, niliijua ile ilikuwa nini. Majani yalikuwa yanatapika.

Samaki nao walikuwa wamejaa, karibu kuvuliwa, na maji ya mabwawa yalikuwa mazito. Samaki wakikosa hewa hupanda juu alfajiri, midomo nje, maelfu, kama wanaoomba. Dawa ni kufungua bomba la chini, kutoa maji ya zamani na kuingiza mapya. Na maji ya zamani yakitoka hupita mifereji ile ile, yanazoa yote yaliyooza humo, yanaingia kijitoni.

Asubuhi moja, jua limeshapanda, nilisikia bomba linafunguka. Naujua mlio wake. Linakohoa kwanza, halafu linanguruma. Nilikuwa nafagia uwanja. Nilisimama na ufagio. Nilijua mifereji imeoza, nilijua mtoto wangu yuko chini, nilijua mama mkwe hachemshi maji. Nje ya ua alipita mwanamke mmoja na ndoo. Ningeweza kumwita. Aliyetengwa haiti watu. Nikamwacha apite, nikaendelea kufagia.

Watoto watano waliugua. Wanne walipona. Wangu alikufa siku ya nne, zahanati, mimi nikiwa ndani ya ua wangu, maana sikuruhusiwa kutoka. Waliomzika ni wengine. Mama mkwe alisimama mbali akanipa habari kwa sauti ya juu, kisha akasema, "Wewe ulitoka nje ya mpaka. Sema ulitoka." Sikuwa nimetoka. Nilirudia hivyo mara nyingi, mpaka nikagundua kwamba kutotoka ndilo kosa lenyewe.

Nesi alisema ni maji machafu, ila hakuweza kusema ni machafu ya nani, kwa sababu ng'ombe nao hunywa na kunya mahali pale. Kijiji hakikuhitaji kuambiwa ni ya nani. Wanaume walikwenda na majembe wakafukia mabwawa yote manne, samaki wakiwa ndani. Wanasema Bwana Samaki alikaa kwenye kiti akiangalia, na alipoona wanaanza kung'oa matete alisema neno moja tu, "Hayo hayana kosa." Wakayang'oa. Akaenda kuishi kwa binti yake, mwalimu wa shule ya msingi kule Dirma, Hanang.

Ikapita miaka mitatu. Nilikuwa nimeshatoka kwenye kutengwa, mume wangu akawa amehamia kwa mke mwingine. Siku moja niliamka nikaona sina sababu ya kuendelea kujiuliza wakati mwenye jibu bado yu hai. Nikapanda gari hadi Katesh, kisha bodaboda hadi Dirma. Ni nchi kavu ile, vumbi na ng'ombe, mlima umesimama nyuma kama mtu asiyetaka kuondoka. Binti yake alinipokea vizuri, hakujua mimi ni nani, akaandika namba yangu ya simu, akaniambia baba haoni tena vizuri na hatembei.

Alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, kando ya ukuta wa nje, kivulini. Amekuwa mdogo.

"Shikamoo, Bwana Samaki."

"Marahaba." Akanigeuzia sikio. "Darasa la Saba."

"Ndiyo."

"Umekuja kunicheka au kunizika? Kuzika bado."

"Nimekuja kuuliza. Siku ile ulipofungua bomba, ulijua?"

Nilidhani atanizungusha. Mtu yule alikuwa na ulimi wa kumzungusha hakimu. Lakini alijibu hapo hapo, kama mtu aliyekuwa ameshika jibu mkononi muda mrefu na mkono umechoka.

"Nilijua maji ni mabaya. Nilizamisha sahani asubuhi ile, ikapotea kabla haijafika kiwiko."

"Na hukuwaambia watu wa chini."

"Ningewaambia wangekuja na majembe siku ile ile."

"Walikuja."

"Walikuja," alisema. "Ila nilipata siku nne."

Binti yake alileta chai, akaweka kikombe kwenye kigoda, akaondoka. Sikukigusa.

"Ulijua mwanangu yuko kule chini?"

"Hapana. Hilo sikulijua. Nilidhani yuko kwako."

"Na ungejua?"

Hapo alipapasa kamba za kitanda. Nilisikia kuku wanaparua nyuma ya nyumba. Nilitaka aseme uongo. Naandika hili kwa sababu ni kweli: nilikuwa nimekwenda mbali kote kule kutafuta ukweli, na nilipofika karibu nao nilitaka anidanganye.

"Ningefungua," alisema. "Walikuwa wanakufa, midomo juu. Ningefungua, halafu labda ningetuma mtu akamwambie bibi yake achemshe. Labda. Sina hakika kama ningetuma." Alikohoa. "Na wewe ulisikia bomba."

"Nilisikia."

"Nilijua utasikia. Nilisema moyoni, Darasa la Saba akisikia atapiga kelele, ataniharibia. Nilisikiliza. Hukupiga."

"Sikupiga."

Hakuniomba msamaha. Wala mimi sikumpa, wala sikumwomba. Tulikaa hivyo, wawili tuliojua, na jua likasogea mpaka likafika miguuni pake, nikavuta shuka nikamfunika. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Nilipoinuka kwenda aligeuza kichwa.

"Yule mtoto. Alikuwa anakaa ukingoni pale ulipokuwa unakata. Alikuwa anaitwa nani?"

Miaka ile yote, wanawake waliopita bondeni walikuwa wananiita kwa jina la mwanangu, Mama fulani, wakipaza sauti juu ya mifereji yake, kila siku, naye amesimama pale pale. Hakuwahi kulisikia. Tangu mwanangu alipokufa hakuna aliyeniita hivyo tena, watu wanaona aibu, na mimi mwenyewe nilikuwa sijalitamka kwa mdomo. Lilikuja mpaka kwenye ulimi. Nikalimeza.

Nikachukua mkoba wangu. Nilipofika kwenye kona ya nyumba niligeuka nikamwona bado ameinua kichwa juu ya mto, sikio limeelekea upande wangu, anangoja aambiwe.